Ile pesa ya "asiransi" kwenye gishe ya koli inanunua nini hasa?

Siku hizi ukienda kutuma koli hapa Lubumbashi, iwe inapanda kamiyo ya Likasi na Kolwezi ao ni kitu unaagiza Ndola, Lusaka ao Dar es Salaam kipitie Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, kwenye gishe wanakuuliza swali moja: mama, papa, unalipa asiransi (bima) ao hulipi? Ni asilimia kidogo ya bei ya kitu, wanaipandisha juu ya bei ya kilo, na hapo hapo kwenye mstari nyuma yako mabishano yanaanza. Kuna wanaosema ni wizi mpya tu, ajansi zimepata njia ingine ya kutukamua, juu hakuna mtu anamjua aliyelipwa siku televizio yake ilifika na ekra imepasuka. Wengine wanalipa, wanatia karatasi mfukoni na wanaenda kulala vizuri, kwao kitu kimeshalindwa, kikivunjika watapewa kingine. Mi naona pande zote mbili zimekosea na zimekosea mahali pamoja. Ile pesa si wizi na si asiransi. Inanunua mstari mmoja kwenye bordero (karatasi ya safari ya koli), ule unaosema hii koli iko na thamani ya kiasi fulani, na ule mstari uko na nguvu kwa sheria kuliko watu wanavyofikiri, lakini kama hakuna aliyeuandika basi pesa yako umetoa sadaka.

Lazima nipite kwenye sheria kidogo, nitaenda mbio. Kongo yetu iko ndani ya OHADA, ule umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, tangu tarehe 12 Septemba 2012, na OHADA iko na sheria ya pamoja juu ya kusafirisha mizigo kwa barabara, ilipitishwa Yaoundé tarehe 22 Machi 2003 na ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2004. Inashika safari zote za ndani ya nchi wanachama, na pia safari ya nchi mbili tofauti hata kama moja tu kati yao ni mwanachama, kwa hiyo Zambia na Tanzania kuwa nje ya OHADA haizuii kitu, koli iliyotoka Lusaka ikashushwa Kampemba inaingia ndani ya ile sheria. Haijali kama transporteri ni kampuni yenye kamiyo za kujaza parkingi ao ni papa mmoja na Fuso yake ya zamani, na hata bordero ikikosekana mkataba upo, mlipatana safari na bei, imetosha. Kuanzia pale anapokea koli mpaka pale anaitoa mikononi mwako, transporteri njo anajibu kwa kilichopotea ao kilichoharibika. Hii sehemu watu wanaijua, ao tuseme wanaihisi hata bila kuisoma.

Sehemu wasiyoijua ni artikle ya 18, ile inayoweka mwisho wa malipo: hayawezi kupita faranga za CFA 5,000 kwa kila kilo, uzito pamoja na katoni. Huku hatutumii CFA lakini hesabu ni nyepesi juu ile pesa imefungwa kwa euro, 655.957 kwa euro moja, kwa hiyo 5,000 inafika euro 7 na senti 62. Sasa chukua televizio ya inchi 55, na katoni yake tuseme kilo 20, utapata euro 152 mwisho, hata kama uliinunua dola 500 na ushuru juu. Simu ya dola 900 ndani ya kisanduku chake haifiki nusu kilo, hapo tunaongea euro tatu na kitu, haitoshi kununua hata kava yake. Mchezo wa sataranji wa malakite ambao fundi ameuchonga wiki nzima, ukiwa na kilo 10, ni euro 76. Halafu angalia upande ule ingine: mfuko wa simenti wa kilo 50 mwisho wake ni euro 381, yaani simenti imelindwa mara nyingi kupita bei yake ya dukani na simu haijalindwa chochote. Ile sheria ni kama iliandikwa na watu waliokuwa wanafikiria pamba, kahawa, mbao, mizigo mizito ya bei ndogo kwa kilo, na vitu tunavyotuma sisi leo ni kinyume kabisa, vyepesi, vya bei kali, na vinavunjika.

Kabla mtu hajasema hii sheria ni ya batransporteri wakubwa, ajiweke kidogo upande wa mwenye kamiyo. Anachukua koli kwa bei ya kilo, hajui ndani kuna nini, wewe unamlipa dola nne za katoni moja na yeye akubali kujibu kwa dola 900? Kama angelazimishwa kujibu kwa bei kamili ya kila kitu kinachofichwa ndani ya kila katoni, angepandisha bei kwa watu wote, hata kwa mama anayetuma magunia ya mahindi. Kwa hiyo mwisho wa kilo unamlinda, na mlango unawachwa wazi kwa mwenye kitu cha thamani: tangaza thamani, iandikwe kwenye bordero (kwa sheria ni letre de vwatire), na hapo ule mwisho wa 5,000 kwa kilo unaondoka, mwisho mpya ni kiasi ulichotangaza. Transporteri naye kwa kubeba ile hatari anaomba pesa zaidi. Hii biashara ni safi na ni ya zamani, na njo kitu pekee ambacho ile asilimia ya kwenye gishe inaweza kukununulia. Lakini uangalie, ni mwisho, si ahadi. Ukitangaza dola 2,000 kwa kitu cha dola 500 hautapewa 2,000, utaombwa fakture, na utalipwa hasara uliyopata kweli. Wajanja wanaojaza sifuri kwenye bordero wanalipa asilimia kubwa ya hewa.

Sasa asiransi yenyewe ni nyumba ingine kabisa. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 iliondoa SONAS, kampuni ya asiransi ya serikali, kuwa peke yake sokoni, ikaleta ARCA ya kusimamia, na tangu hapo anayeuza asiransi ndani ya nchi hii lazima awe na ruhusa. Ajansi ya koli yenye gishe mbili na mizani haina ile ruhusa, inaweza tu kukuunganisha na kampuni inayo, na ikifanya hivyo utapewa kontra yenye jina la ile kampuni, namba, kiasi na vitu visivyofunikwa. Watu wanaona haya ni mambo ya makaratasi tu, lakini tofauti inaonekana siku ya balaa. Thamani iliyotangazwa inakulipa pale tu transporteri yuko na lawama. Daraja likichukuliwa na maji ya mvua na kamiyo ikaenda nalo, kama ni kitu ambacho hakuweza kukiepuka wala kuzuia matokeo yake, sheria inamwachilia, na sifuri mara dola 500 inabakia sifuri. Asiransi ya kweli hailazimiki kuuliza kosa ni la nani, inauliza kama ile hatari imeandikwa ndani ya kontra. Ile sheria ya 2015 inalazimisha pia mizigo inayoingizwa nchini iwekewe asiransi kwa kampuni za hapa, kitu ambacho muagizaji mkubwa anakijua kupitia deklara wake (anayemfanyia makaratasi ya forodha, ao duane) na mtu wa koli moja hajawahi kukisikia.

Turudi kwa wale wanaosema "hawalipi hata siku moja". Siwadharau, wako na sababu. Tribinali ya biashara ya Lubumbashi ipo, lakini kwa televizio ya dola 400 nani ataanza kulipa avoka, makaratasi, kwenda na kurudi, na ajansi zinajua hivyo vizuri sana, zinajua uchovu wako ni sehemu ya faida yao. Ila ukifuatilia malalamiko yenyewe, moja moja, unakuta mengi yanakufa kabla hata ya kufika kwenye ubaya wa ajansi. Yanakufa siku ya kupokea, kwenye depo. Rafiki yangu mmoja anapiga klavye kwenye koro ya kanisa kule Katuba, aliletewa klavye kutoka Afrika ya Kusini, katoni ilifika imebonyea pembe moja, akaiona kwa macho yake, kijana wa depo akamwambia "saini tu yaya, utaangalia nyumbani", akasaini. Nyumbani ekra haiwaki na vibonye kadhaa vimelala. Alirudi wiki mbili baadaye, juu alisubiri kwanza fundi aje aiangalie, na ajansi haikubishana hata kidogo, ilitoa karatasi yenye saini yake: imepokelewa, iko vizuri. Alilipa ile asilimia, na thamani ilikuwa imeandikwa. Haikumsaidia.

Artikle ya 14 inasema hivi: uharibifu unaoonekana, unatoa taarifa kwa maandishi mwisho siku ya kwanza ya kazi baada ya kupokea, na ule usioonekana, ndani ya siku 7. Ukichelewa haki yako haijafa, hapa watu wanachanganya sana, lakini sheria inahesabu kwamba ulipokea kitu kizima mpaka wewe mwenyewe uonyeshe kinyume, na kuonyesha kwamba ekra ilikufa ndani ya kamiyo na si kwenye pikipiki kutoka depo mpaka nyumbani, nakutakia nguvu. Ukitoa ile taarifa kwa wakati mzigo wa kujieleza unabakia kwa transporteri, ukikaa kimya unahamia kwako. Juu yake kuna barua ya kudai, iandikwe kwa transporteri ndani ya siku 60, bila hiyo hakuna tribinali itakayokusikiliza, na kesi yenyewe ni mwaka mmoja, inafika mitatu kama kulikuwa na udanganyifu ao kosa zito la namna hiyo. Mi naamini kama watu wa huu mji wangeijua tu ile siku moja na zile siku 7, nusu ya hadithi za "hawalipi" zingekuwa hadithi ingine. Ni mawazo yangu, sina namba za kuonyesha, lakini nimesikia hizi hadithi kwa wingi na karibu zote ziko na mahali pamoja pa kimya katikati.

Na ile taarifa iandikwe vizuri. Kuna mtindo wa kuandika "nimepokea chini ya rezerve ya kufungua" (rezerve ni maneno ya kuandika kwamba kitu hakiko sawa), watu wanaamini ni dawa ya kila kitu, kumbe ni maneno matupu, hayasemi ni nini kimeharibika. Sheria inataka aina ya uharibifu. Andika: katoni imebonyea pembe ya kushoto chini, skochi imefunguliwa na kufungwa tena, kitu kinalia ndani ukikitingisha, na iandikwe kwenye nakala yao, ile yako peke yake haitoshi. Kijana wa depo akikasirika mwache akasirike, akisema haina nafasi ya kuandika, andika nyuma ya karatasi. Kuhusu WhatsApp, ile sheria ya OHADA inakubali maandishi ya namna yoyote mradi yanabakia mazima na yanaweza kuhifadhiwa, kwa hiyo mesaji yenye foto iliyotumwa kwa namba ya ajansi jioni ileile iko na maana yake. Ila vokale (mesaji ya sauti), hapana. Watu wanatuma vokale ya dakika nne ya kulia na kutukana, na ndani yake hakuna namba ya bordero.

Upande wa ajansi nao uko na maneno yake, na hayana uzito mmoja. Dhaifu kuliko yote ni ule muhuri unaogongwa kwa wino mwekundu, kwamba vitu vya kuvunjika vinasafiri kwa hatari ya mwenyewe na ajansi haijibu. Sheria ya pamoja inasema kila makubaliano yanayoenda kinyume nayo ni bure, hayana nguvu, kwa hiyo transporteri hawezi kujivua jukumu kwa kugonga muhuri hata akiugonga mara kumi na wewe ukasaini chini yake. Lakini hata bila kufungua sheria, angalia tu karatasi yenyewe: juu imegongwa kwamba hawajibu kwa vitu vya kuvunjika, chini wamekukata asilimia tatu ili wajibu kwa kitu kilekile. Moja kati ya hizo mbili ni uongo. Wakiamini muhuri wao warudishe asilimia, na wakiamini asilimia wauweke ule muhuri kwenye sanduku. Hoja ya "ile kamiyo si yetu, sisi tunapakia tu kwa watu" inakaa jirani nayo, juu kwa ile sheria transporteri ni yule aliyebeba jukumu la kufikisha mzigo kutoka hapa mpaka pale. Wewe uliongea na gishe, gishe ikachukua pesa na kuandika jina lake kwenye bordero, nani ana kamiyo ni mambo yao wao wawili.

Pale ajansi ziko na haki, na ni haki kubwa, ni kwenye kufunga. Kazi ya kufunga ni ya anayetuma, na kitu kikivunjika juu kilifungwa vibaya transporteri anaweza kutoka, isipokuwa kama ule ubaya ulikuwa unaonekana na yeye akapokea bila kuandika rezerve yake. Hiyo isipokuwa ni muhimu, juu kijana wa gishe anayepokea ekra iliyofungwa ndani ya blanketi na kamba ya nailoni amekubali alichokiona. Ila kwa katoni iliyofungwa vizuri nje na ovyo ndani, kosa ni lako na asilimia yako haitakusaidia. Na sisi kusema kweli tunafunga ovyo. Mtu anatupa frigoliti (zile povu nyeupe ngumu) za televizio siku ya kwanza ili apate nafasi nyumbani, halafu siku ya kutuma anajaza magazeti. Ekra inasafiri ikisimama, ukiilaza na wakaweka gunia juu kioo kinapasuka bila katoni kuonyesha alama yoyote, na hapo unaingia kwenye zile siku 7 ukiwa na kazi ngumu. Malakite nayo ina ugumu wa 3.5 mpaka 4 tu kwenye kipimo cha Mohs, msumari wa chuma unaikwaruza, kwa hiyo vipande viwili vikigusana safari nzima vinakulana vyenyewe, hakuna haja ya ajali: kila kipande kifungwe peke yake, katoni ndani ya katoni, vidole vitatu vya kitu laini pande zote, na upige foto kila hatua kabla ya kufunga, juu ile foto njo itakayojibu siku watakaposema ulifunga vibaya. Na fundi anayetuma nje ya nchi kwenye sanduku la mbao asisahau kwamba mbao zinazovuka mipaka ziko na kanuni yake, ISPM 15, zipitishwe kwenye joto la nyuzi 56 mpaka ndani kwa dakika 30 na zigongwe alama. Sanduku lisilo na alama linaweza kukataliwa bandarini, na hapo hata usiulize nani atakulipa. Sitika ya glasi nyekundu gundisha, haidhuru, lakini vijana wanaoshusha kamiyo saa nane ya usiku hawasomi sitika.

Halafu kuna Kasumbalesa. Pale koli inapita mikono mingi sana, kamiyo inaweza kukaa foleni siku na siku, duane inafungua, OCC, ofisi ya kukagua bidhaa, inaangalia, wakati mwingine mzigo unahamishwa kutoka kamiyo moja kwenda ingine kwenye jua ao kwenye mvua, na kila mmoja baadaye atasema ilikuwa nzima pale kwangu. Hapa watu wanakata tamaa mapema, wanafikiri juu hawajui nani alivunja basi hakuna wa kujibu. Ni kinyume. Usiyejua nani alivunja njo umeandikiwa ile sheria, hautafuti mkono uliovunja, unamshika yule aliyepokea nzima na kutoa mbovu, yeye atafute huko nyuma. Kitu kimoja tu unaweza kukifanya wewe: kama deklara wako yupo wakati koli inafunguliwa, mwombe aandike kwamba ilifunguliwa, lini, na ikafungwa tena vipi. Karatasi moja. Wengi hawaandiki juu hakuna anayewaomba.

Kwa ndege mambo yako tofauti na hapa kuna uvumi ingine wa kuondoa. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 mwisho wa malipo ya mizigo chini ya mkataba wa Montreal wa 1999 ulipanda kutoka DTS 22 mpaka 26 kwa kilo, DTS ni kile kipimo cha pesa cha FMI (IMF), kimoja kinazunguka dola 1.3 mpaka 1.4, na watu wakaanza kusema sasa ndege zinalipa vizuri. Zinalipa vizuri kwa vitu vizito. Ile televizio ya kilo 20 ikitoka Dubai mpaka Luano, kiwanja chetu cha ndege, mwisho wake ni DTS 520, karibu dola 700, kwa hiyo imefunikwa yote bila kutangaza kitu, na simu ya nusu kilo ni DTS 13, ambazo hazifiki dola 20. Mkataba umepandisha namba lakini umeacha mantiki ileile ya kilo, na mlango ni uleule, kutangaza thamani na kulipia. Siku zake za kutoa taarifa ni 14 kwa mizigo na 7 kwa valizi, kwa maandishi. Hii ni kwa safari za kimataifa, ya Kinshasa kuja hapa inafuata sheria ingine.

Kwa hiyo nani alipe ile asilimia? Hapa sikubaliani na wanaosema kila mtu alipe. Mfanyabiashara anayeshusha televizio 100 kwa mara moja, tuseme kwa dola 500 moja na asilimia 3, atatoa dola 1,500, ni bei ya televizio tatu. Kama kwa kawaida yake kwenye 100 zinavunjika mbili, ni heri abakie na pesa yake na akubali hasara, anajifunika mwenyewe kwa wingi wake, na ndiyo wengi wanavyofanya bila kuandika hesabu. Mwenye kitu kimoja hana wingi wa kumfunika. Mtu wa klavye moja, fundi wa malakite anayetuma agizo la kwanza kwa mteja wa Ulaya, dispansari inayongoja mikroskopi moja, hao dola 15 ya kutangaza ni bei nzuri kabisa, mradi thamani iandikwe na mtu asimame wima siku ya kupokea. Na kama kitu kinapita njia yenye hatari zisizo na mkosaji, ao bei yake ni ya kukuangusha maisha, aende kwa kampuni yenye ruhusa ya ARCA akachukue asiransi yenyewe, hata kwao atakuta masharti yaleyale ya kufunga vizuri na kuandika rezerve.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba tukiacha mambo hivi hivi, anayelipa kila kilichovunjika ni mnunuzi. Mwenye duka kwenye soko ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, hafungui kesi, anagawanya bei ya ile iliyopasuka juu ya zile zilizofika, na sisi wote tunanunua kipande cha ekra iliyokufa Kasumbalesa bila kujua. Fundi wa malakite hawezi kufanya hivyo, mteja wake wa mbali analipa mara moja, anapokea vipande, haagizi tena na anawaambia wenzake, na ndiyo maana kazi nzuri ya mikono ya huu mji inauzwa kwa mgeni aliyekuja mwenyewe na valizi yake. Ajansi itakayofuta ule muhuri mwekundu, ikaweka kwenye bordero sehemu ya thamani yenye nafasi ya kuandika namba na nafasi ya rezerve chini yake, itawachukua hawa mafundi wote, na haitahitaji hata kushusha bei. Sijaiona bado. Mpaka itokee, kabla ya kutoa franga kwenye gishe nauliza thamani itaandikwa wapi, na wakinionyesha tu ka tiketi kenye neno "asiransi" bila kiasi, bila namba ya koli, nabakia na pesa yangu, naitia kwenye frigoliti na katoni ya pili.